Mabawabu wa Bahari

Mwaka 1984 nilimpa mwanachuo mmoja sifuri ambayo hadi leo hainipi raha. Nilikuwa mkufunzi wa Jiografia katika chuo cha ualimu, miaka michache kabla ya kukabidhiwa ukuu wa chuo, na swali nililotunga lilikuwa la kawaida kabisa: "Taja na ueleze matatizo manne yanayoikabili nchi isiyopakana na bahari katika biashara yake ya nje." Majibu niliyoyatarajia nilikuwa nimeyaandika ubaoni mwenyewe: umbali mrefu, gharama kubwa za usafirishaji, bidhaa kuharibika njiani, na kutegemea bandari za watu wengine. Wanachuo karibu wote waliyarudisha kama nilivyowapa, neno kwa neno. Mmoja tu, kijana wa kutoka vijiji vya mpakani na Burundi, aliandika sentensi moja na kuacha ukurasa uliobaki mtupu: "Tatizo lake la kwanza ni sisi." Nikachora yai kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Soma swali."

Leo nina miaka sabini na sita. Nimestaafu, ninaishi Kigoma, na ukinikuta barazani jioni utanikuta natazama ziwa. Kutoka hapa hadi Bujumbura kwa njia ya maji ni chini ya kilomita 200. Nimekuwa na muda wa kutosha kulisoma lile swali upya, na nasema bila kuficha kwamba aliyekosa mtihani siku ile nilikuwa mimi.

Sisi Watanzania tuna namna yetu ya kuwazungumzia jirani zetu wa bara. Tunasema, "Maskini, Mungu kawanyima bahari." Tunalisema kwa huruma, tena kwa majivuno kidogo, kama mtu mwenye kisima anavyomsikitikia jirani asiye nacho huku akimhesabia ndoo. Katika Afrika ziko nchi kumi na sita za namna hiyo, na tano kati yake zinapakana nasi: Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia. Tumezifundisha shule zetu zote, pamoja na chuo changu, kwamba shida ya nchi hizo ni ramani. Ramani haina makosa. Tangu niijue dunia, Bujumbura haijasogea hata hatua moja kutoka pwani. Kinachosogea ni gharama na siku, na hizo zina watu wanaozisogeza.

Naomba nianze na utoto wangu, maana hapo ndipo nilipoyaona mambo haya kabla sijayaelewa. Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, sisi watoto tulikuwa tukimpelekea chakula cha mchana, na tulikuwa tukizikuta tishari zimefunga gati, zimetoka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, zimejaa magunia ya kahawa. Makuli waliyabeba mgongoni hadi kwenye mabehewa. Buni zilizodondoka tuliziokota tukazitafuna, tukatema, maana buni mbichi haina utamu wowote. Lakini harufu ya yale magunia sijaisahau. Baba alikuwa akisema, "Hii haiguswi. Hii ni ya Wabelgiji, inapita tu."

Inapita tu! Maneno hayo mawili yalikuwa na mkataba mzima nyuma yake. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Uingereza ilipochukua Tanganyika na Ubelgiji ikachukua Ruanda-Urundi, wakubwa hao wawili walikubaliana mwaka 1921 kwamba Ubelgiji ipewe maeneo yake ndani ya bandari mbili, Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima dawamu. Watu wakayaita Belbase. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi iliingia humo na kutoka humo bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Reli ilikuwapo tayari. Wajerumani walikuwa wameifikisha Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwishoni mwa 1961, nchi yetu ilipokuwa mlangoni mwa Uhuru, Mwalimu Nyerere aliukataa mkataba huo. Alisema serikali ya kikoloni, ambayo yenyewe ilikuwa na dhamana ya muda tu, haikuwa na haki ya kugawa ardhi ya Tanganyika milele. Alisema kweli, na ningekuwa bungeni ningempigia makofi.

Lakini sasa ona ajabu yake. Wakoloni wawili, watu waliokuwa wakinyang'anyana mali za wengine, waliweza kuaminiana kiasi cha kuachiana njia kwa faranga moja. Walijua kwamba kahawa ikikaa ghalani hailipi mtu. Sisi tulioitana ndugu, tulioimba umoja wa Afrika hadi sauti zikakauka, tulipoufuta ule mkataba tulikuwa na deni la kuweka kitu bora zaidi mahali pake. Tuliweka mihuri.

Naona nilifafanue jambo moja ambalo sikulifundisha vizuri enzi zangu, yaani ni nani hasa anayelipa. Bei ya kahawa aina ya arabika haipangwi Ngozi wala Kayanza inakolimwa. Hupangwa katika soko la New York, kwa senti za dola kwa kila ratili, na mnunuzi wa Ulaya hajali mzigo umepita njia gani. Kwa hiyo muuzaji wa Burundi hawezi kusema, "Ongeza kidogo, maana nimecheleweshwa njiani." Anachofanya ni kuanza na bei ya New York na kurudi nyuma akikata: anakata ya meli, anakata ya bandari, anakata ya lori, anakata ya ghala, anakata ya kiwanda cha kukoboa, na kinachosalia ndicho anachopewa mkulima. Mkulima yuko mwisho wa foleni. Kila mtu njiani akishakula, yeye hupewa sufuria akwangue.

Tupige hesabu, maana mwalimu bila hesabu ni mhubiri. Kontena moja la futi ishirini huchukua magunia 320 ya kilo sitini, yaani kilo 19,200 za kahawa safi. Ili kupata kilo moja ya kahawa safi zinahitajika kama kilo sita za kahawa mbivu kutoka mtini. Basi ndani ya kontena hilo kuna kilo 115,200 za kahawa mbivu. Tuseme kila kaya ilivuna kilo 300. Ina maana kaya 384 zimepakiwa katika sanduku moja la chuma. Sasa tuseme sanduku hilo limekwama njiani, na adhabu za kukaa, kodi ya ghala na malipo ya lori linalosubiri yamefika dola 1,000. Gawa kwa kaya 384. Kila kaya imepoteza dola mbili na nusu na ushee. Karani aliyelichelewesha atacheka: dola mbili na nusu ni nini? Kwa mama wa mlimani ni sabuni, ni chumvi, ni madaftari ya watoto ya muhula. Tena huyo mama hatajua kamwe kwamba amelipa. Hakuna risiti itakayoandikwa jina lake. Ataambiwa tu kwamba mwaka huu bei si nzuri.

Mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kustaafu, nilijionea mwenyewe. Mpwa wangu ni dereva wa semitrela katika njia ya Bujumbura. Nilikuwa Ngara kwa msiba, nikawa na safari ya Dar es Salaam, basi la siku ile likaharibika. Akaniambia, "Mjomba, panda hapa, utafika tu." Alikuwa ametoka kuvuka mpaka wa Kobero na Kabanga akiwa na kontena la kahawa, limefungwa kwa lakiri, nyaraka zote ziko ndani ya bahasha ya kaki. Nikapanda. Utingo akanipisha kiti cha mbele, akajilaza nyuma.

Nilikuwa na daftari, ugonjwa wa walimu. Nikawa naandika kila tunaposimamishwa na sababu yake. Tulipita Nyakanazi, Ushirombo, Kahama, Nzega, Igunga, tukapanda mlima Sekenke polepole kama wagonjwa, tukafika Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze. Nilipofunga daftari nilikuwa nimeandika mara kumi na saba. Tano zilikuwa za mizani. Kontena lile lile, lakiri ile ile, kahawa ile ile ambayo haikuwa na mahali pa kuongezeka, lilipimwa mara tano, na kila mzani ukatoa uzito wake. Katika mzani wa tatu tuliambiwa ekseli ya nyuma imezidi. Mpwa wangu akasogeza gari, likapimwa tena, likawa halijazidi. Hakuna aliyeomba radhi. Zile nyingine kumi na mbili zilikuwa za kukaguliwa: leseni, taa, kizima moto, bahasha ya kaki, na mara moja, naapa, sababu ilikuwa ni kuuliza kama tuna maji ya kunywa. Katika baadhi ya vituo mpwa wangu alishuka na karatasi na kurudi upesi. Sikumwuliza ndani ya karatasi kulikuwa na nini. Mtu mzima hutazama dirishani.

Hayo yote, hata hivyo, yalitupotezea siku moja na nusu tu. Maafa yalikuwa Dar es Salaam. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na katika moja ya nyaraka zake tarakimu moja ilikuwa imekosewa na karani aliyeinakili. Kosa la sekunde moja. Kulisahihisha kulichukua siku nane. Ofisi moja ilisema inasubiri barua ya ofisi ya pili, ya pili ikasema mwenye muhuri amekwenda semina, na Ijumaa ikafika, na baada ya Ijumaa kukawa na sikukuu. Siku ya sita nilimsindikiza mpwa wangu, nikiamini mvi zangu zingesaidia. Kijana aliyekuwa dirishani alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike haya: "Mzee wangu, usijisumbue. Hii ni mizigo ya nje, haina haraka."

Hakuwa mkorofi. Alikuwa na adabu zake zote. Bila shaka alifundishwa na walimu tuliowafundisha sisi, na katika kichwa chake nchi isiyo na bahari ilikuwa imezaliwa ikiwa imechelewa, kwa hiyo siku nane zaidi si kitu. Meli iliyokuwa imepangiwa mzigo ule ilikwishang'oa nanga. Kontena lilisubiri nyingine. Gharama za kusubiri hazikulipwa na karani aliyekosea, wala na mwenye muhuri aliyekuwa semina. Ziliandikwa kwa mwenye mzigo, na naye bila shaka alizipandisha mlimani.

Wako watakaosema mzee huyu anasahau historia, kwamba Tanzania imejitolea kuliko nchi yoyote kwa ajili ya jirani wasio na bahari. Sijasahau, nilikuwapo. Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilikuwa ikipitishia huko karibu kila kitu chake. Tukafungua barabara, malori yakamezwa na matope. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola likakamilika 1968. Wachina wakaja, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa 1976. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na niliwaimbisha watoto wa watu nyimbo za Reli ya Uhuru huku machozi yananilengalenga.

Ambalo sikuwaimbisha ni la Oktoba 1978. Reli ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Njia ya Benguela kwenda Lobito ilikuwa imefungwa tangu 1975 kwa sababu ya vita vya Angola, kwa hiyo Zambia ilikuwa imetuegemea sisi. Shaba ilikuwa imerundikana, bandari ya Dar es Salaam imesongamana, mabehewa yanakwenda na hayarudi, na mbolea ya wakulima wa Zambia imekwama huku mvua za kupandia zikikaribia. Rais Kaunda, ambaye nchi yake ilikuwa imekubali kufunga mkanda kwa miaka mingi kwa ajili ya ukombozi wa kusini, akatangaza kuifungua tena njia ya reli ya kupitia Rhodesia. Rhodesia ile ile ya Smith! Mwalimu alihuzunika, na wengi wetu tulimlaumu Kaunda kwa maneno makali. Mimi pia nilimlaumu, tena mbele ya darasa. Sasa najiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya bandari yetu. Wachina walitujengea madaraja na mahandaki yanayopenya milima. Hawakuweza kutujengea mtu wa kufungua faili asubuhi na kulifunga jioni.

Kwa hiyo mtu akinieleza habari za umbali, namwelekeza Uswisi. Uswisi haina bahari. Mizigo inayoteremka kwa mashua kutoka Basel hadi Rotterdam husafiri zaidi ya kilomita 800 na kupita katika maji ya mataifa yaliyokwisha kupigana vita vya kuangamizana. Lakini tangu mkataba uliotiwa saini Mannheim mwaka 1868, mto Rhine hautozwi ushuru kwa kule kupita tu. Hata vita vilipokatisha mambo, baada yake walirudi kwenye mkataba ule ule. Na hapa kuna jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Sehemu kubwa ya kahawa mbichi ya dunia hununuliwa na kuuzwa na makampuni yenye ofisi zao Uswisi. Kahawa inatoka nchi ya milima isiyo na bahari, inauzwa na watu wa nchi nyingine ya milima isiyo na bahari, na umaskini wote unabaki upande mmoja. Iwapo kukosa bahari ndiko kunakofukarisha, nani aliisahau Uswisi?

Haki yenyewe imekwisha kuandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unasema nchi isiyo na pwani ina haki ya kuifikia bahari na uhuru wa kupitisha mizigo yake katika nchi ya jirani, na kwamba mizigo hiyo isitozwe kodi wala malipo mengine isipokuwa kwa huduma mahususi iliyotolewa. Isome tena hiyo sehemu ya mwisho. Kupimwa mara ya tano ni huduma ipi? Kusubiri muhuri ni huduma ya nani kwa nani?

Nakubali kwamba nchi inayopitiwa nayo ina haki ya kujilinda, na mkataba huo huo unalisema hilo. Lori linapozidisha uzito linavunja barabara ambayo sisi ndio tutakaoilipia, na wako matajiri wenye malori wasiojali. Iko mizigo, hasa mafuta, iliyoandikwa kwamba inavuka mpaka na ikaishia kuuzwa gizani humu humu nchini. Mtu akinitajia hayo sina ubishi naye. Lakini mwizi wa mafuta hakamatwi kwa kusimamisha kahawa mara kumi na saba. Pima mara moja, funga lakiri, fuatilia gari kwa mitambo ambayo sasa ipo, kisha acha lipite. Sheria ya Afrika Mashariki imekwisha kuweka kikomo kimoja cha tani 56 kwa nchi zote, kwa hiyo hata kisingizio kwamba kila mtu ana vipimo vyake kimekufa. Najua pia kwamba Burundi ina madhambi yake. Foleni za mafuta za Bujumbura katika miaka ya karibuni hazikusababishwa zote na sisi. Lakini makosa ya mgeni ndani ya nyumba yake hayanipi ruhusa ya kumfungia uchochoro.

Limebaki moja ambalo ni gumu kwangu kulisema. Julai 1996 jeshi lilipindua serikali Burundi, na kabla mwezi haujaisha, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kutangaza vikwazo vya uchumi. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Nilishangilia. Wakimbizi walikuwa wamejaa mkoani kwetu, tulikuwa tumeyasikia kwa masikio yetu waliyotendewa, na nilidhani mlango ukifungwa wakubwa wa Bujumbura wangesalimu amri wiki ya pili. Vikwazo vilikaa hadi Januari 1999. Katika muda huo, walioteseka nilikuwa nikiwaona hapa hapa ufukweni: wauza dagaa, wavuvi, akina mama waliokuwa wakivusha mitumba na sabuni. Waliostawi nao niliwaona. Walikuwa wenye boti za usiku na wenye vyeo vya kufumba macho. Juu ya mapinduzi yale sijabadili mawazo. Nimebadili mawazo juu ya mlango. Nilijifunza kwamba mlango ukishafungwa kwa sababu njema, wanaokabidhiwa funguo ni watu wale wale wa siku zote, na baada ya hapo hawapendi kuzirudisha.

Leo tunasherehekea tena. Treni mpya za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mwaka 2025 umetiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, ndani kabisa ya Burundi. Huko Kwala, mkoani Pwani, nchi jirani zimepewa maeneo ya kuwekea mizigo yao, jambo ambalo linanikumbusha Belbase, safari hii kwa hiari yetu wenyewe, na nalipongeza kwa moyo mkunjufu. Nikijaliwa uzima nitaipanda hiyo treni. Ila nimeziona sherehe za namna hii. Nilikuwa na sauti nzuri zaidi 1976. Treni iendayo kasi ikifikisha kahawa mbele ya dirisha la yule kijana mwenye adabu, tutakuwa tumefanikiwa kuiwahisha kwenda kusubiri.

Madai yangu ni moja, na nimelipeleka kwa mbunge wetu kwa maandishi, naye akanijibu kwamba limepokelewa. Aliyechelewesha mzigo alipe gharama za kuchelewesha. Basi. Leo gharama za kukaa bandarini humwendea mwenye mzigo hata kama nyaraka zake zilikuwa safi na uzembe ulikuwa wa ofisi. Ziandikwe kwa ofisi. Kila jalada liwekewe saa ya kuingia na saa ya kutoka mezani, na jina la aliyelikalia. Muhuri ukisafiri kwenda semina, fedha za ghala zikatwe katika fungu la semina. Niliongoza chuo kwa miaka mingi, na ninajua jinsi wakufunzi waliokuwa hawaleti alama kwa wakati walivyoanza kuzileta siku nilipowatangazia kwamba orodha ya wachelewaji itabandikwa nje ya jengo la utawala, wanachuo waisome. Sikumfukuza mtu. Nilihitaji gundi na karatasi.

Naambiwa jambo hilo haliwezekani kisheria. Naambiwa pia, na watu wa uchumi, kwamba jirani hawana pa kwenda, kwa hiyo tusijisumbue. Hilo la pili ni uongo wa hatari. Uganda ina Mombasa. Malawi ina Nacala. Shaba ya Zambia na ya Kongo ina Lobito, ambako reli imefufuliwa, na ina njia za kusini pia. Burundi tu ndiyo haina uchaguzi mkubwa, na labda ndiyo maana nimeizungumzia zaidi. Namna tunavyomtendea asiyeweza kutukimbia ndiyo inayoonyesha tumekusudia nini kwa wote.

Yule mwanachuo wa 1984 alihitimu kwa alama za wastani, wastani ulioharibiwa na sifuri yangu. Nilisikia alifundisha miaka mingi katika shule ya msingi huko huko mpakani. Nimeulizia habari zake kwa waliosoma naye bila kufanikiwa. Karatasi za mitihani ya mwaka ule zilikwisha kuchomwa, kama taratibu zinavyotaka.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. Amezeeka sasa naye, ila bado yuko njia ile ile, na safari hii alikuwa amebeba kahawa. Nilimwuliza yuko wapi. Alinitajia mahali, akasema wameegesha malori zaidi ya arobaini, mama lishe wamekwisha kufungua vibanda. Nikamwuliza, ni mzani? Akasema, "Hapana, Mjomba. Mzani siku hizi ni mwepesi. Ni mtandao. Wanasema uko chini tangu Alhamisi."